"Huria" na "Bure" Katika Leseni za Programu

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa programu yenyewe ni huria. Hata hivyo, wafasiri wengi bado huandika "programu ya bure". Tunaona yafaa kutenganisha maneno hayo: "bure" ni habari ya bei, "huria" ni habari ya haki ya kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Nkende, mkoani Mara, aliyepewa diski ya Linux. Kiini cha mfumo huo kina leseni huria ya GNU tangu 1992. Lakini diskini mna pia zana za watengenezaji wengine, zisizolipiwa wala zisizoruhusiwa kunakiliwa. Akisoma "bure" kwenye jalada, atawanakilia majirani zote, na huenda akavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Aidha, tutofautishe vitenzi viwili. "Kufungasha" ni kuweka programu mbalimbali pamoja; kila moja hubaki na leseni yake. "Kuunganisha" ni kuzifanya programu moja. Hapo leseni ya GNU hudai kwamba programu nzima, ikigawiwa, ifuate masharti yake.

Hivyo basi, tunapendekeza "bure" litumike kwa bei tu, na kila zana iliyofungashwa itajwe pamoja na leseni yake.