Nililazimika: Kauli ya Mzazi Kizimbani na Mpaka wa Hiari na Shuruti

Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kwamba mzizi mmoja wa kitenzi huweza kuzaa kauli nyingi. Kutokana na -lazim- tunapata lazimu, lazimika, lazimisha na lazimishwa. Darasani hilo huwa zoezi la dakika tano, kisha mwalimu hupita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mbele ya jaji, pale mzazi anaposhtakiwa kwa kifo cha mtoto wake mwenyewe, zoezi hilo hilo laweza kuamua kama mzazi huyo atarudi nyumbani au la. Mwandishi si mwanasheria. Anachokichunguza ni lugha, na sheria anaisoma kama msomaji yeyote wa matini anavyoweza kuisoma.

Tuanzie Garsen. Mji huu mdogo ulio kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Lamu una kituo cha Mahakama Kuu ya Kenya, na nchini Kenya shtaka la kuua kwa kukusudia husikilizwa katika Mahakama Kuu. Watu wa eneo hili ni Wapokomo wakulima wa ukingoni mwa mto, Waorma na Wawardei wafugaji, pamoja na wengineo. Sasa, kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaeleza kuwa lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Mahakama za chini ndizo zinazoruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mama wa Kipokomo atasema kwa Kipokomo au kwa Kiswahili cha mtoni. Mama wa Kiorma atasema kwa Kiorma, lugha ya Kikushi isiyo na udugu na lugha za Kibantu, na mara nyingi maneno yake yatapitia Kiswahili kwanza. Jaji ataandika kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya mahakama. Haki hiyo ni kubwa, lakini ubora wa tafsiri ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama amesimama kizimbani, mtoto wake amefariki kwa njaa, naye anasema: "Nililazimika kumwacha bila kumnyonyesha."

Neno *kumwacha* peke yake ni mtego. Mtu humwacha mwenziwe njiani, humwacha alale, huacha pombe, huacha mke. Yote hayo yamo ndani ya kitenzi kimoja na msikilizaji wa Kiswahili huyachambua kwa muktadha. Kiingereza kinamtaka mkalimani achague. Akichagua neno lenye maana ya kutelekeza, amekwisha kumsukuma mama nusu ya njia kuelekea hatiani. Akichagua lenye maana ya kuruhusu, amempunguzia mzigo ambao pengine ni wake.

*Nililazimika* ina tatizo kubwa zaidi. Ni kauli ya kutendeka. Mtendwa yupo, tendo lipo, mtendaji hayupo wala haulizwi. Njaa, homa, mafuriko ya Tana, mume, mama mkwe, mhubiri: kila mmoja aweza kujificha nyuma ya kiambishi kile kimoja cha *-ik-*. Angesema *nililazimishwa*, mlango wa swali "na nani?" ungefunguka wenyewe. Angesema *ilinilazimu*, lawama ingeelekezwa kwenye hali. Tunafahamu pia kwamba wanawake wengi wa huku kwetu hawapendi kumtaja mume kwa jina mbele za watu. Husema "mwenyewe", au "baba watoto", au humkwepa kabisa kwa kutumia kauli hii ya kutendeka. Adabu hiyo tumelelewa nayo na hatuioni kuwa kasoro. Ikifika kizimbani, hata hivyo, inamfuta mtu ambaye pengine ndiye kiini cha kesi.

Kwa nini kumtaja mtendaji kuwe jambo kubwa kiasi hiki? Jibu limo katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63. Kifungu cha 16 kinamwondolea mtu hatia ikiwa kosa lilitendwa na watu wawili au zaidi, naye alilitenda kwa sababu tu mwenzake alimtishia, muda wote wa tendo, kumuua au kumjeruhi vibaya papo hapo. Kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba tishio la madhara ya baadaye haliwi udhuru. Kwa maneno mengine, sheria inataka panga shingoni. Inataka mtendaji mwenye jina, tishio lililotamkwa na saa inayojulikana. *Nililazimika* haitoi hata kimoja kati ya hivyo.

Kipo pia kifungu cha 19, ambacho wasomaji wetu wengi huenda hawajawahi kukisikia. Kinasema kwamba mke hasameheki eti kwa kuwa alitenda kosa mbele ya mumewe. Lakini akiweza kuthibitisha kwamba alilitenda mumewe akiwapo na chini ya shuruti la mume huyo, huo ni utetezi halali, isipokuwa kwa makosa mawili: uhaini na kuua kwa kukusudia. Tuitazame ajabu hii. Mke yule yule, mume yule yule, mtoto yule yule aliyekufa. Kiongozi wa mashtaka akiandika "kuua bila kukusudia", shuruti la mume lina nafasi ya kusikilizwa. Akiandika "kuua kwa kukusudia", kifungu hicho kinafungwa. Tena kinamhusu mke tu. Mume anayetawaliwa hakitaji, na mwanamke anayetawaliwa na mtu asiye mumewe hakimgusi.

Kifungu cha 210 nacho kinamhusu mama aliyesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, wakati akili yake imevurugika kwa kutopona sawasawa athari za uzazi au za kunyonyesha. Huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Ni kifungu chenye huruma, ila huruma yake inapitia hospitalini. Mama mwenye akili timamu ambaye hiari yake imebomolewa kidogo kidogo kwa miaka hana pa kuingilia hapo.

Mambo haya yalidhihirika katika kaunti jirani ya Kilifi. Mwezi Aprili mwaka 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, walikokuwa wakiishi wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Uchunguzi wa kitabibu ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi, wakiwamo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Machi 2023, Mackenzie alikuwa amekwisha kukamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili waliodaiwa kufa njaa mikononi mwa wazazi wao, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Januari 2024, yeye na wenzake zaidi ya 90 walisomewa mjini Mombasa mashtaka 238 ya kuua bila kukusudia. Februari 2024, katika Mahakama Kuu ya Malindi, yeye na wenzake 29 walishtakiwa kwa kuwaua kwa kukusudia watoto 191. Walikana mashtaka.

Hatutaki kuihukumu kesi ya watu. Tunachoweza kufanya ni kuisoma orodha hiyo ya mashtaka kwa jicho la vifungu tulivyovitaja. Mzazi aliyemnyima mwanawe uji katika msitu ule, akiamini kwamba anamtanguliza mbinguni, hakuwa na panga shingoni kwa maana ya kifungu cha 16. Kama aliyemtawala alikuwa mhubiri, kifungu cha 19 hakimsaidii. Kama alikuwa mumewe, kingemsaidia, kinadharia, dhidi ya mashtaka ya aina ya Mombasa. Dhidi ya yale ya Malindi, hapana. Na mtoto? Mtoto hana kauli, si ya kutendwa wala ya kutendeka. Kila nafasi tunayoifungua kwa ajili ya mzazi tunaifungua mbele ya kaburi lake, na mwandishi hadai kwamba kila aliyetawaliwa hana hatia. Anadai tu kwamba swali liulizwe kwa lugha inayoweza kulibeba.

Kwamba swali hilo lilikuwa gumu kwa dola yenyewe, tuliona Juni 2023. Manusura 65 waliookolewa msituni walikataa kula katika kituo walichohifadhiwa, wakafikishwa katika mahakama ya Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua. Waliookolewa asubuhi wakawa washtakiwa jioni, kama wasemavyo watani. (Shtaka lenyewe halina nguvu tena: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 kilichoharamisha kujaribu kujiua kinakiuka Katiba.)

Wataalamu wa nchi za Magharibi wameliandikia sana jambo hili. Evan Stark, mwanasosholojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alihoji kwamba tumezoea kuhesabu vipigo ilhali utawala wa mwenzi juu ya mwenzi umejengwa kwa mambo madogo yasiyoacha alama: nani ashike pesa, nani atembelewe na ndugu, mlango ufungwe saa ngapi. Uingereza ililifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai mwaka 2015. Mwaka mmoja kabla, 2014, ilikuwa imefuta utetezi wa mke aliyeshurutishwa na mumewe, utetezi wa namna ile ile tuliyo nayo katika kifungu chetu cha 19. Kenya nayo, katika Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015, imeutambua unyanyasaji wa kisaikolojia na wa kiuchumi. Lakini sheria hiyo hutoa amri ya kumlinda aliye hai. Mama aliyekwisha kufikishwa kizimbani haimpi utetezi.

Wala kuwa na neno katika sheria si kuwa na jibu. Constance Marten na mwenzake Mark Gordon walikimbia na mtoto wao mchanga nchini Uingereza mapema mwaka 2023, wakalala katika hema wakati wa baridi, na mtoto akafa. Watoto wanne waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na serikali. Watu wengi walijiuliza hadharani kama mwanamke huyo alikuwa ametawaliwa. Julai 2025 juri liliwatia wote wawili hatiani kwa kuua bila kukusudia, na Septemba wakahukumiwa kifungo cha miaka 14 kila mmoja.

Turudi nyumbani, na hasa kwenye fasihi, kwa sababu hapa ndipo sisi wa Kiswahili tuna la kusema. Msomaji wa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980) anamjua Bwana Maksuudi, aliyewafungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna ndani ya nyumba. Tukimpima kwa tishio la papo hapo, hatutaupata uzito wa alilofanya. Uzito huo umo katika mrundiko wa siku. Riwaya ina kurasa za kutosha kuuonyesha mrundiko huo. Hati ya mashtaka ina mstari mmoja wenye tarehe. Kwa upande mwingine, tusisahau kwamba pwani hii hii ya kaskazini ndiyo iliyotupa Utendi wa Mwana Kupona, mwaka 1858, ambamo mama anamuusia binti yake kumtii mume. Utendi huo haufundishi kumnyima mtoto chakula, na anayeusoma hivyo anauonea. Ila masikio ya wengi wetu, ya mkalimani yakiwamo, yamelelewa kuusikia utii kama sifa njema, na sikio la namna hiyo huchelewa kutambua utii uliogeuka kifungo.

Tunahitaji istilahi. "Udhibiti" ni baridi mno, hutumika hata kwa bei za unga. "Utawala wa mabavu" umekwisha kumilikiwa na wanasiasa, na unaleta picha ya kipigo, jambo ambalo ndilo tunalotaka kulikwepa. "Shuruti" lafaa libakie kwa kifungu cha 16, kwa lile tishio la papo hapo. Kwa huu utawala wa pole pole tunapendekeza *utiishaji*. Limetokana na *tii*, likapitia kauli ya kutendesha *tiisha*, kwa hiyo mtendaji yumo ndani yake na hawezi kujificha. Kiambishi *-aji* nacho kinabeba maana ya tendo lenye kuendelea na kurudiwa. Wahadhiri wanaoona kasoro watusahihishe katika toleo lijalo.

Likikubalika, bado linabaki jambo la mkalimani wa Garsen. Yeye haruhusiwi kumhoji shahidi kwa niaba yake mwenyewe. Anachoweza kufanya, anaposikia *nililazimika*, ni kumweleza jaji kwamba neno alilolisikia halina mtendaji, na kwamba Kiingereza alicho nacho kinamtaka amweke mmoja. Hapo wakili au kiongozi wa mashtaka atauliza: na nani, tangu lini, na ulipokataa mara ya kwanza ikawaje?