Mpira ubavuni: kwa nini daktari hakumpasua mzee wetu?



Tunapotembelea wagonjwa hospitalini, swali moja linarudi mara nyingi katika familia. Mzee analetwa na maumivu makali ya tumbo upande wa kuume, pamoja na homa na kutapika. Daktari anasema mfuko wa nyongo umevimba. Jamaa wanaanza kuchanga pesa za operesheni. Kisha daktari anarudi na kusema hatampasua kwanza, atamwekea mpira. Hapo manung'uniko yanaanza. Wengine wanasema ni kwa sababu pesa hazikutosha. Wengine wanasema daktari amekata tamaa. Wengine wanataka kumtoa mgonjwa usiku huohuo. Ni vizuri tulielewe jambo hili kabla halijafika nyumbani kwetu.

Ugonjwa wenyewe

Ini linatengeneza nyongo, maji ya rangi ya manjano na kijani yanayosaidia tumbo kuyeyusha mafuta. Chini ya ini kuna mfuko mdogo unaoitunza nyongo hiyo. Tukila chakula chenye mafuta, mfuko unajikaza na kuisukuma kwenye utumbo kupitia njia nyembamba.

Kwa watu wengine nyongo inaganda na kufanya mawe. Jiwe likiziba njia ya kutokea, nyongo inabaki ndani, mfuko unajaa na kuvimba, na vijidudu vinapata mahali pa kuzaliana. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wenye uvimbe huu wa ghafula wana mawe. Waliobaki mara nyingi ni watu waliokwisha kulazwa na ugonjwa mwingine mkali. Mfuko ukiachwa hivyo unaweza kujaa usaha, kuoza au kupasuka, na sumu ya vijidudu ikaingia katika damu. Watu wanakufa kwa ugonjwa huu.

Daktari anaushuku anapobonyeza chini ya mbavu za kuume na kumwambia mgonjwa avute pumzi: mgonjwa anaikata pumzi katikati kwa maumivu. Ekografia na kipimo cha damu vinamsaidia kuhakikisha.

Hapa kwetu tuna hatari nyingine. Mtu akitapika maji ya kijani na kushikwa na maumivu baada ya kula kwenye karamu, haraka tunasema amepewa sumu, ile karuho. Anapewa dawa za kumtapisha, siku zinapita, na jirani aliyepika chakula anachukiwa bure. Lakini yale maji ya kijani ni nyongo, na maumivu baada ya kula mafuta ni tabia ya mawe ya nyongo. Kabla ya kumshtaki mtu, tumpeleke mgonjwa kwenye ekografia. Maombi yetu yanaweza kumfuata hukohuko hospitalini.

Kwa nini wengine hawapasuliwi mara moja

Dawa ya kudumu ni kuuondoa mfuko wote. Operesheni ya kwanza ya namna hiyo ilifanywa mwaka 1882 huko Berlin na daktari Carl Langenbuch, katika hospitali ya Lazarus, iliyokuwa nyumba ya mashemasi wa kike wa Kiprotestanti. Mtu anaweza kuishi vizuri bila mfuko huo, kwa sababu nyongo inaendelea kutoka kwenye ini moja kwa moja hadi utumboni. Kwa hiyo mgonjwa mwenye nguvu, akifika mapema, anapewa seromu na antibiotiki, kisha anapasuliwa katika siku za kwanza.

Lakini si kila mwili unaweza kubeba operesheni siku hiyo. Mfikirie mzee ambaye moyo wake umechoka, au mama mwenye sukari na tansio ambaye figo zake zimeanza kusimama, au mgonjwa ambaye damu yake imekwisha kuingiwa na vijidudu na presha imeshuka. Kwa watu kama hao, dawa ya usingizi na kupasuliwa vinaweza kuua kabla ugonjwa wenyewe haujaua. Daktari anaanza na seromu na antibiotiki. Hali isipobadilika, anatafuta njia ya kutoa uchafu bila kufungua tumbo.

Mpira unawekwa namna gani

Mgonjwa halali usingizi wa operesheni. Anachomwa sindano ya ganzi chini ya mbavu za kuume. Daktari anaangalia kwenye ekografia na kupitisha sindano ndefu, mara nyingi kupitia sehemu ya ini, hadi ndani ya mfuko. Kisha anaingiza waya mwembamba, na juu ya waya huo mpira ambao waganga wanauita sonde. Ncha yake inajikunja ndani ili usichomoke. Nje unaungwa na mfuko wa plastiki. Nyongo nzito au usaha unaanza kutoka, na kiasi kidogo kinapelekwa maabara ili ijulikane antibiotiki gani inafaa.

Wengi wanaanza kupata nafuu katika siku moja hadi tatu: homa inashuka na maumivu yanapungua. Hata hivyo kazi hii ina hatari zake. Damu inaweza kutoka, nyongo inaweza kuvuja tumboni, mpira unaweza kuziba au kuchomoka. Pia si kila hospitali ina mtu aliyejifunza kuifanya, na ndiyo sababu daktari anaweza kumtuma mgonjwa kwenye hospitali kubwa zaidi.

Mpira hauondoi mawe

Jambo hili ndilo familia nyingi hazisikii. Mpira unatoa uchafu, lakini mawe yanabaki, na ugonjwa unaweza kurudi.

Huko Uholanzi, waganga walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Waliwagawa wagonjwa wenye hatari kubwa, lakini si wale mahututi kabisa, katika makundi mawili. Kundi moja lilipasuliwa kwa matundu madogo na wapasuaji wenye ujuzi, la pili likawekewa mpira. Kati ya waliopasuliwa, 12 kwa mia walipata matatizo makubwa; kati ya waliowekewa mpira, 65 kwa mia. Kwa upande wa vifo, haikuonekana tofauti ya hakika.

Hiyo inatufundisha mambo mawili. Kwanza, uzee peke yake si sababu ya kukataa operesheni. Kama mwili unaweza na vifaa vipo, kupasuliwa ni bora. Pili, tusichukue hesabu za Uholanzi na kuzibandika kwenye hospitali isiyo na vifaa vile. Anayemwona mgonjwa ndiye anayepima. Familia ina haki ya kumuuliza: Kwa nini umechagua njia hii? Mpira utakaa muda gani? Operesheni itafanywa lini, au haitafanywa?

Nyumbani na mpira

Mara nyingi mpira unakaa wiki tatu hadi sita, ili njia yake ikomae. Ukitolewa mapema, nyongo inaweza kuvuja tumboni. Kwa hiyo:

- Mfuko wa plastiki ukae chini kuliko tumbo, na mpira usivutwe wala kukunjwa.
- Ngozi inayouzunguka iwe safi na kavu. Usiweke majani wala unga wowote.
- Kila siku andikeni kiasi kilichotoka na rangi yake.
- Msiusafishe kwa maji ya nyumbani. Muuguzi ataonyesha kama unahitaji kusafishwa, na kwa dawa gani.
- Rudini hospitali siku hiyohiyo kama homa imerudi, macho yamekuwa ya manjano, damu inatoka, au mpira umeacha kutoa na maumivu yameanza tena. Ukichomoka, msijaribu kuurudisha wenyewe.

Na mtu akiona maji meusi ya kijani katika mfuko na kusema hiyo ndiyo karuho inatoka, mwelezeni kwa upole: ni nyongo.

Kazi ya kanisa

Makanisa yetu yanajua kuchanga siku ya kwanza. Mama wa diakonia wanaleta chakula, wazee wanaomba, sadaka inapatikana. Baada ya wiki mbili mgonjwa amerudi nyumbani na sisi tumesahau. Lakini safari ya pili, ya kuangalia mpira na kupanga operesheni, nayo inadai pesa. Ikikosekana, mgonjwa anakaa na mpira miezi mingi, au jirani anauvuta tu, na ugonjwa unaanza upya.

Msamaria katika Injili ya Luka hakumaliza kazi barabarani. Alifunga vidonda, akamfikisha mtu yule kwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Mpira ni msaada wa barabarani. Kwa hiyo siku mgonjwa anapotoka hospitalini, wazee wa kanisa waulize tarehe ya kurudi, waiandike, watenge kitu kwa ajili ya safari hiyo, na wachague mtu mmoja wa kumsindikiza.