Sukari na Meno

Katika mwili wa mtu hakuna kitu kigumu kupita gamba jeupe linalofunika jino. Gamba hilo linaitwa enameli. Ni gumu hata kuliko mfupa. Lakini lina adui mdogo asiyeonekana kwa macho.

Kinywani mwa kila mtu mnakaa vijidudu. Vinashikamana na meno kama utelezi juu ya mawe ya mtoni. Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, mtu akipitisha ulimi juu ya meno atausikia utelezi huo. Vijidudu hivyo vinapenda sukari. Vikiila, vinatoa asidi, ndiyo maji makali kama ya ndimu. Asidi hiyo inaondoa kidogo kidogo yale madini yanayoipa enameli ugumu wake.

Mtoto akitaka kuona nguvu ya asidi, atwae ganda la yai, alitie katika kikombe chenye maji ya ndimu. Ataona mapovu madogo yakipanda. Kesho yake ganda halina tena ugumu wa kwanza.

Je, jino halina mlinzi? Linaye: ni mate. Mate yanasafisha kinywa, yanapunguza ukali wa asidi, na kurudisha madini katika enameli. Lakini kazi hiyo inahitaji muda, nusu saa au zaidi, kila mara sukari inapoingia kinywani.

Basi tuseme watoto wawili wamepewa bonboni sita kila mmoja. Wa kwanza anazila zote pamoja baada ya chakula cha mchana, kisha anakunywa maji. Meno yake yanashambuliwa mara moja tu. Wa pili anakula moja sasa, moja baadaye, mpaka jioni. Meno yake yanashambuliwa mara sita, na mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi. Sukari ni ileile, lakini hasara si moja. Ndivyo ilivyo pia kwa muwa na chai ya sukari.

Mfupa uliovunjika unaunga. Ngozi iliyokatwa inapona. Lakini enameli ikitoboka, haioti tena. Tundu linazidi kwenda ndani mpaka kwenye mshipa wa jino, na hapo mtoto halali kwa maumivu.

Yafaa kuangalia sana magego yanayoota nyuma ya meno ya utoto, mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kuyapisha, watu wengi wanadhani ni meno ya utoto. Sivyo! Hayo ni ya maisha yote. Likiharibika moja na kung'olewa, halitaota jingine.

Kwa hiyo mtoto mwenye akili anakula vitamu pamoja na chakula, si siku nzima. Anapiga mswaki asubuhi na jioni kwa dawa ya meno yenye fluori. Baada ya mswaki wa jioni hali kitu tena, kwa maana usiku mate ni machache.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa jino haujengeki.

Maulizo
1. Asidi inatoka wapi?
2. Mate yanafanya kazi gani?
3. Kwa nini mtoto wa pili alipata hasara zaidi?