Stata Ijaribiwe Mezani Kwanza

Gari la kijijini si la mwenyewe peke yake. Mchana hupeleka dagaa Kirumba Mwaloni, na usiku wa manane hupeleka mgonjwa Bugando. Stata ikigoma, mgonjwa hulala njiani.

Hapo kale injini iliwashwa kwa hendeli, nayo ikirudi nyuma ghafula iliweza kuvunja mkono wa mtu. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakatolewa nayo.

Stata nayo huchakaa. Fundi huifungua, huisafisha, hubadili brashi za kaboni na bushi. Je, akimaliza aifunge garini palepale? La. Mwambie kwa upole, "Fundi, tuijaribu kwanza mezani." Ikiwa na kasoro, ni rahisi kuifungua hapo kuliko kulala tena chini ya gari.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, stata ibanwe sawasawa kwenye jiliwa, kwa kuwa huruka kwa nguvu inapoanza. Pili, itafutwe betri nzima ya volti 12 na nyaya nene. Waya wa chanya uende kwenye nati kubwa ya solenoidi, ile ipokeayo waya wa betri garini; wa hasi ubanwe kwenye mwili wa stata. Tatu, waya mwembamba utoke chanya na kugusa kichwa kidogo cha solenoidi. Cheche zisitokee karibu na betri, maana hewa itokayo humo huweza kulipuka.

Sasa tazama na usikilize. Gia ndogo iruke mbele na kuzunguka kwa kasi, bila kukwaruza. Waya mwembamba ukiondolewa, gia irudi nyuma na stata isimame. Ikizunguka kwa uzito na nyaya kupata moto upesi, huenda bushi zimebana au ndani mna shoti. Solenoidi ikilia "ta!" na mota isizunguke, brashi zikaguliwe kama zinagusa vizuri. Jaribio lisizidi sekunde chache, kwani stata isiyo na mzigo huzunguka kasi mno na kuweza kuharibika. Vidole na nguo vikae mbali na gia.

Lakini ujue, kuzunguka mezani si kushinda mtihani wote. Mezani haisukumi injini. Kwa hiyo ikishafungwa garini, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, kisha gari liwashwe mara kadhaa, injini ikiwa baridi na ikiwa na moto.

Na kabla ya kuilaumu stata, kagua vichwa vya betri na waya wa hasi. Ukungu na kulegea huzuia umeme, na mtu akatoa fedha nyingi kwa kazi ya kitambaa na spana.