Mtoto akivimba midomo baada ya kula: mzio wa chakula hupimwaje?

Msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu baada ya kipindi cha afya cha asubuhi. Mtoto wake wa miezi 9 alikuwa amekunywa uji wa lishe wa unga mpya, na muda mfupi baadaye midomo ikavimba na mwili ukajaa mabaka yanayowasha. Hadi jioni yalikuwa yamepotea. Jirani akasema ni aleji ya karanga. Mama mkwe akasema ni maziwa. Kwa hofu, mama huyo akamwachisha mtoto karanga, maziwa, mayai na dagaa, vyote kwa pamoja. Swali lake lilikuwa hili: "Nimpeleke wapi akapimwe, na wanapima nini?"

Muda wa kipindi haukutosha kumjibu vizuri, kwa hiyo tumeandika hapa. Soma taratibu, kisha mwonyeshe na mwenzako anayebaki na mtoto nyumbani.

Mzio ni nini, na nini si mzio

Mzio wa chakula, ambao wengi tunauita aleji, hutokea pale kinga ya mwili inapokiona chakula cha kawaida kama adui na kukishambulia. Dalili huja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yanayowasha, kuvimba midomo au macho, kutapika ghafla, kukohoa au kupumua kwa mlio. Upo pia mzio unaochelewa, hasa wa maziwa kwa watoto wachanga, ambao huonekana tumboni na wakati mwingine kwa damu kwenye kinyesi.

Vyakula vinavyosababisha mzio mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho, ngano, soya, ufuta, samaki na kamba.

Lakini si kila tatizo baada ya kula ni mzio. Maji yasiyo salama huharisha. Kuna watu ambao tumbo lao halisagi vizuri sukari ya maziwa, wakapata gesi na kuhara, na hilo halihusiani na kinga. Watoto wengi hutokwa na mabaka wakiwa na mafua au homa. Na kama nyumba nzima imewashwa baada ya kula samaki yuleyule, huenda samaki alikuwa ameharibika.

Kipimo cha kwanza ni maelezo yako

Wazazi wengi hudhani daktari atatoa damu, kisha mashine itataja chakula chenye shida. Haiko hivyo. Daktari huanza na maelezo yako, na ndiyo yanayomwonyesha apime nini. Kabla ya kwenda, andika haya:

- Mtoto alikula nini, kiasi gani, na kilipikwaje.
- Dalili zilianza baada ya dakika ngapi, na ipi ilitangulia.
- Zilidumu muda gani, na alipewa dawa gani.
- Je, alishawahi kula chakula hicho kabla? Amekila tena baadaye?

Tumia simu yako kupiga picha ya mabaka au uvimbe. Mara nyingi huwa vimeshapotea ukifika zahanati, na picha ndiyo ushahidi uliobaki. Beba pia kadi ya kliniki.

Hapa uji wa lishe unaleta ugumu wake. Unga mmoja unaweza kuwa na mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano na hata dagaa. Mtoto akidhurika, huwezi kujua ni kipi. Kama ni unga wa dukani, beba pakiti yake. Kama uliusagisha mwenyewe, andika kila ulichoweka. Na kwa mtoto anayeanza kula akiwa na miezi 6, ongeza chakula kipya kimoja kimoja, ukimwangalia kwa siku chache kabla ya kuongeza kingine.

Vipimo vyenyewe

Kipimo cha ngozi: Tone la kimiminika chenye chakula kinachoshukiwa huwekwa mkononi au mgongoni, kisha ngozi hudonolewa kidogo. Baada ya takriban dakika 15 hadi 20 mhudumu huangalia kama pamevimba. Hata mtoto mchanga anaweza kupimwa. Dawa za kuzuia kuwashwa, kama setirizini, huharibu majibu, kwa hiyo daktari atakwambia uziache siku kadhaa kabla.

Kipimo cha damu: Huangalia kingamwili za chakula fulani. Dawa za kuwashwa hazikiharibu.

Kumlisha chini ya uangalizi: Mtoto hupewa chakula kidogo kidogo hospitalini, wahudumu wakiwa na dawa ya dharura mkononi. Hiki ndicho kipimo kinachotoa jibu la uhakika zaidi. Usikijaribu nyumbani kwa mtoto aliyewahi kudhurika.

Jambo moja wengi hawalijui: kipimo cha ngozi au damu kikionyesha "ndiyo", hakijathibitisha mzio. Watafiti waliopima watoto wa shule nchini Ghana waliwakuta wengine wakiwa na kingamwili za karanga kwenye damu, ilhali walikuwa wakila karanga bila shida. Walihusisha hali hiyo na kichocho, kwa kuwa kingamwili za mnyoo huyo zinaweza kufanana na za karanga. Kwetu sisi tunaoishi kwenye maeneo ya kichocho na minyoo, hilo ni muhimu. Ndiyo maana majibu ya kipimo lazima yasomwe pamoja na maelezo yako.

Ukikutana na mtu mnadani anayemshikisha mtoto chuma na kumtajia aleji kumi, okoa pesa yako. Mzio haupimwi hivyo.

Uanzie wapi

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mganga akiona maelezo yanaelekea kwenye mzio, mwombe rufaa ya kumwona daktari wa watoto. Vipimo vya mzio havipo kila hospitali, kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, mwombe mganga apige simu aulize kama kipimo kipo na gharama yake.

Usimnyime chakula kwa kubahatisha

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Kumwondolea mtoto mayai, maziwa, karanga na dagaa bila uhakika ni kumwondolea vyakula vinavyomjenga.

Kuchelewesha vyakula hivi pia hakumkingi. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watoto 640 wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai. Waliolishwa karanga tangu uchanga walipata mzio wa karanga mara chache sana kuliko walionyimwa. Karanga za mtoto ziwe zimesagwa laini, maana nzima humkaba. Kama mtoto wako ana pumu ya ngozi kali, ongea na mganga kwanza.

Mawili zaidi. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe usimpe ya mbuzi, kwa sababu mengi yanafanana na mara nyingi atadhurika vilevile. Na mtoto mwenye mzio wa mayai apate chanjo yake ya surua kama kawaida. Ni salama kwake.

Hii ni dharura

Mtoto akipumua kwa shida au kwa mlio, ulimi ukivimba, sauti ikikauka, akitapika mfululizo, akipauka au kulegea, usisubiri. Mlaze na kumwinua miguu. Kama pumzi inambana, mpakate akiwa ameketi. Usimtembeze, na usimnyweshe maziwa, mafuta wala mkaa. Tafuta usafiri na mkimbize kwenye kituo cha afya, ukisema mapema kwamba ni mzio mkali. Dawa anayohitaji ni sindano ya adrenalini, inayochomwa pajani. Dawa za kuwashwa hupunguza mabaka, lakini haziokoi pumzi. Akipata nafuu abaki kituoni kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi.

Na yule mama? Tulimshauri asimpe tena uji wa unga ule, aandike vilivyokuwamo na aende na orodha hiyo kliniki. Karanga na maziwa vilikuwamo, na mtoto hakuwa amewahi kuvila kabla, kwa hiyo visubiri daktari. Lakini mayai na dagaa havikuwamo, na mtoto alikuwa akivila siku zote bila shida. Hivyo tulimwambia avirudishe sahanini siku hiyohiyo.