Asomaye Ukuta wa Shule

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, karibu na mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, pana mstatili uliopakwa rangi nyeusi juu ya chokaa, au ubao uliopigiliwa misumari, wenye anwani isiyobadilika kutoka wilaya hata wilaya: MAPATO NA MATUMIZI. Chini ya anwani hiyo hupigwa safu za tarehe, idadi ya wanafunzi, fedha iliyopokewa, fedha iliyotumika, na bakaa. Nimeipita mistatili hiyo miaka mingi bila kuiinulia jicho, mpaka katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga, ambako nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, nilipomwona mwanamke wa umri uliokwisha kupita makamo, amejitanda kanga na kuvaa miwani, akipitisha ncha ya kidole juu ya tarakimu zile taratibu, akikitazama kidole, kisha akiandika neno katika daftari.

Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, nami nikathubutu kumwuliza alikuwa akitafuta nini.

"Natafuta umri wa chaki, mwanangu," alijibu.

Akanifafanulia. Chaki iliyoandikwa jana hushika kidole kwa weupe mtupu. Iliyokaa majuma kadhaa hunywa umande na vumbi, ikashikamana na ukuta, na mtu akiigusa hutoka na wekundu wa udongo. Hesabu ambayo chaki yake ni mbichi siku ile ile anapotarajiwa mgeni kutoka wilayani, ilhali tarehe yake ni ya mwezi mzima nyuma, si lazima iwe hesabu ya uongo, bali ni hesabu iliyoandikwa kwa ajili ya mgeni, na yeye anataka hesabu iliyoandikwa kwa ajili ya wazazi. Tofauti hiyo ilinikaa moyoni kuliko jambo lililonipeleka, nikarudi kijijini kwa ajili yake.

Kijiji humwita Bi Mwalimu. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliimaliza katika darasa la kwanza na la pili, na baada ya kustaafu wazazi walimchagua awe mjumbe wa kamati ya shule. Jina lake hakutaka liandikwe, kwa hoja kwamba watu wataliona jina na kuziacha hesabu.

Habari ya ruzuku ihesabiwayo ukutani, ambayo walimu wenyewe huiita kapitesheni, wasomaji wanaijua, basi nitaipitia kwa ufupi. Ada ya shule za msingi iliondolewa na mpango ulioanza mwaka 2002, watoto wakafurika madarasani, na shule zikaahidiwa kiasi cha dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na tangu Januari 2016 ruzuku ikapangwa ifike kila mwezi. Kiwango kilichowekwa kwa mtoto wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, 6,000 ziende moja kwa moja katika akaunti ya shule, na 4,000 zibakizwe juu kwa ajili ya vitabu.

Juu ya tarakimu hizo za serikali Bi Mwalimu amejijengea zake. "Elfu sita uzigawanye kwa miezi kumi na miwili," alisema, akihesabu kwa vidole kama aliyesimama mbele ya darasa, "unapata shilingi mia tano. Mwaka wa masomo una siku 194. Maana yake, kila mtoto aingiapo hapa asubuhi anakuja na shilingi thelathini na moja, tena pungufu kidogo. Katika hizo inunuliwe chaki, ichapwe mitihani, itengenezwe bawaba ya mlango, ulipwe mpira. Dukani pale hupewi hata peremende."

Nikamwambia kwamba fedha kidogo namna hiyo ndiyo ipoteayo upesi, maana nani atajisumbua kuiulizia? Akatikisa kichwa. "Fedha kubwa ndiyo ipoteayo, kwa sababu humtisha anayeihesabu. Mia tano mara watoto mia sita ni laki tatu. Hesabu hiyo mzazi yeyote wa hapa anaiweza, hata asiyejua kusoma."

Naam, wasiojua kusoma ndio waliomfanya abuni desturi yake ya pili. Katika kila mkutano wa wazazi husimama mbele ya ukuta na kuusoma wote kwa sauti, safu kwa safu, bila kusifu wala kulaumu, kisha hukaa. Ubao wenyewe ulikuwa upande unaopigwa na mvua, akadai uhamishiwe barazani chini ya mapaa, na baada ya ubishi ukahamishwa. Ilikuwa desturi kufuta mwezi uliopita ili kuandika mpya. Alisihi wa zamani uachwe kando ya mpya, kwa kuwa tarakimu iliyo peke yake haiulizwi swali. Na kila alipokuta fungu limeandikwa "mengineyo", aliomba yatajwe ni yepi, na aliomba kwa adabu ya mwalimu mzee ambayo ni vigumu kuikatalia.

Mwalimu mkuu, kijana aliyekuja na hofu za wageni wote wa cheo, hakuficha kwamba mwanzo aliyaona haya kuwa tuhuma. Sasa ana kauli nyingine. Kabla ya kusomwa ukuta, kila dawati lililovunjika lilikuwa ithibati mtaani kwamba amekula fedha. Baada ya kusomwa, wazazi walitambua ni haba kiasi gani alichopewa ale, na minong'ono ikafifia.

Imani ya kwamba tarakimu iliyowekwa hadharani hutenda kazi ina historia yake, na historia hiyo inaanzia kwa jirani. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipoifuatia ruzuku ya shule za Uganda kutoka hazina hadi darasani, waliona kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea, na kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ikawa inafika. Mimi, mtu wa magazeti, ningependa sifa yote iwe yetu. Lakini wako wataalamu waliokumbusha kwamba mageuzi mengine mengi yalikwenda sambamba na matangazo yale, na insafu yanidai niwataje. Kwetu kusema hadharani juu ya shule hakukupokewa kwa furaha daima: HakiElimu, shirika lililoasisiwa mwaka 2001, lilipigwa marufuku na wizara mwaka 2005 lisichunguze wala kuchapisha habari za shule.

Lakini taraa fedha yote ifike, kila senti, na ukuta usomwe kila mwezi: je, mtoto amejua kusoma? Swali hili ndilo linaloniudhi, na utafiti umelizidisha makali badala ya kulipunguza. Mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania, lilifanywa jaribio kubwa ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Shule zilizopewa shilingi 10,000 kamili kwa kila mwanafunzi, wala hazikupewa lingine, zilinunua vitabu na vifaa, na alama za watoto hazikupanda. Zilizopewa fedha hiyo pamoja na bahashishi kwa walimu kwa kila mtoto aliyefaulu ndizo zilizopanda bila tashwishi. Na miaka michache kabla ya hapo, wapimaji wa mpango wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, walikuta kwamba takriban watatu tu katika kila watoto kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili.

Nilimweleza Bi Mwalimu habari ya jaribio lile. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Bahashishi sikupewa hata siku moja, na watoto wangu walisoma," alisema. "Ila nilikuwa na watoto hamsini. Binti anayefundisha darasa lile sasa anao zaidi ya mia moja, na wa safu ya nyuma humjui sauti mpaka Juni. Hao watafiti wako waliwahesabu waliokaa chini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Siamini kwamba hasira yake inaubatilisha utafiti, wala siamini kwamba utafiti unaijibu hasira yake.

Haya ndiyo yaliyomtia katika shauri ambalo hata sasa halijaamuliwa. Ameomba ukuta uongezwe safu moja: idadi ya watoto wa darasa la pili wawezao kusoma aya moja bila kusaidiwa, iandikwe kila muhula kando ya fedha. Mwalimu mkuu amekataa. Fedha, asema, huja kutoka kwa wengine, na kuidhihirisha ni haki. Lakini safu ile itamfedhehesha mwalimu mmoja mwanamke mwenye watoto zaidi ya mia, kwa kosa la nchi nzima, na mzazi atakayeiona hatauliza kwa nini walimu hawatoshi, atauliza jina lake. Nilipomsikiliza Bi Mwalimu nilimwona ana haki. Nilipomsikiliza mwalimu mkuu nikamwona naye anayo, ingawa moyo wangu, nikiri, uko upande wa safu.

Wanapopatana kabisa ni juu ya zile shilingi 4,000. Hizo hazimo ukutani, kwa kuwa hazipiti shuleni. Hurudi kwa sura ya vitabu, na vitabu huja bila bei. Bi Mwalimu amevihesabu vilivyopokewa, akavigawanya kwa watoto, akafika mahali asipoweza kuendelea, maana hakuna aliyemwambia kitabu kimoja kiligharimu kiasi gani. Kamati iliandika barua kwa afisa elimu kata kuulizia, na mwalimu mkuu akaitia sahihi. Afisa aliipokea kwa heshima, akaahidi kuipeleka mbele.

Majibu hayajarudi. Rasimu ya barua ya pili iko katika daftari lile lile la hesabu, na anangoja muhtasari wa kikao kijacho cha kamati upigwe muhuri ili auambatanishe.