MPIRA ULIINGIA AU HAUKUINGIA?

Tarehe 5 Aprili 2024 Yanga ilicheza na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria, Afrika Kusini. Ilikuwa robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Kipindi cha pili Aziz Ki alipiga shuti kali. Mpira uligonga mtambaa panya, ukadunda chini karibu na mstari wa goli. Waamuzi wa video walitazama picha. Goli halikukubaliwa. Yanga ikatolewa kwa penalti 3-2. Huku Dodoma bado tunabishana.

Sheria inasema mpira wote uvuke mstari wote. Ukibaki juu ya mstari hata kidogo, si goli.

Lakini picha hudanganya. Mkulima anayesoma kipimo cha mvua anajua. Ukiyatazama maji kutoka juu, unapata hesabu nyingine. Lazima jicho liwe sawa na maji. Kamera nayo lazima iwe sawa na mstari.

Kipo chombo kinachopima kweli. Kamera saba hutazama kila goli. Kompyuta huufuata mpira. Ukivuka wote, saa ya mwamuzi hutikisika mkononi kabla sekunde moja haijapita. Kilitumika Kombe la Dunia la 2014, Brazil. Pretoria hakikuwepo. Kwa maoni yangu, mashindano makubwa kama yale hayafai kuchezwa bila chombo hicho.

Kijijini hatuwezi kukinunua. Tuchore mstari wa goli kwa chokaa au majivu, upana wake sawa na milingoti. Kisha mtu mmoja asiye na timu asimame kwenye kona, jicho lake lifuate mstari.